Benchi Linalokaza Shingo

Benchi jipya lilikuwa na siku nne pale kijiweni, ubavuni mwa duka la vipuri, na wenye kijiwe walikuwa wamesimama wakilizunguka kama watu wanaotazama ng'ombe mgonjwa. Lilinyooka kama rula, na kila nafasi ilikuwa na tundu lake la kikombe. Aliyelibuni, msichana mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa karibu na birika la kahawa la shangazi yake, fomu ya tathmini magotini. Chuoni waliitaka saa sita. Ya kwanza mhadhiri aliirudisha na wino mwekundu: "Sifa hizi umezitoa kwa nani, kwa mama yako?" Ikirudi tena, anarudia mwaka mzima.

— Niambieni ukweli, mnalionaje?

— Zuri, mwanangu, alisema Wakili, ambaye sheria aliisomea kwenye kesi ya uzio wake, akashindwa.

— "Zuri" siandiki tena.

— Basi andika "maridadi".

Aliandika.

— Ila shingo, alisema Fundi Redio. Nikikaa dakika mbili, inakaza.

— Kumbe na wewe? alisema Wakili. Mimi jana nililala na kitambaa cha moto.

— Ni haya matundu, alisema Fundi. Yanavuta joto la kahawa, mwili unabaki baridi. Fizikia hiyo. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

— Ufa upi tena? aliuliza shangazi, akimimina.

— Shemeji, methali haihojiwi.

— Si matundu, alisema Wakili. Ni mbao. Mti huu uliota mlimani, umezoea kuegemea upande. Mtu akiukalia, naye anapinda. Samaki mkunje angali mbichi.

Tetesi, ambaye habari zote humfikia kabla hazijatokea, aliinama akachungulia chini ya benchi.

— Nyinyi mnacheza. Hili linatupima uzito. Wakishajua kijiwe kizima kina kilo ngapi, wanaleta gari la kutuhamisha.

— Mjomba, nimelipiga misumari mwenyewe, alisema msichana. Sasa ilikuwa saa nne na nusu.

— Ndiyo, lakini nani alikuuzia misumari?

Hapo akafika mama mmoja na kiatu kilichokatika kisigino, anamsubiri fundi viatu. Akanunua kahawa, akakaa katikati ya benchi, akatia kikombe tunduni. Kikaingia sawasawa. Akatazama barabara. Akageuza shingo kulia, akaigeuza kushoto.

— Samahani, alisema. Mkikaa hapa mnaongea, mnaangaliana vipi?

Tetesi akajifanya anakoroga kahawa isiyo na sukari.

Msichana alifungua daftari lake la vipimo. Magoti, migongo, viwiko, vyote vimo. Kabla ya kulijenga, wiki nzima aliwapima mmoja mmoja, akimwambia kila mmoja: tulia, usiongee, futi itasogea.

Akakata "maridadi", akaandika swali la yule mama kama lilivyo. Chini yake, penye "Ungebadilisha nini?", akaacha wazi, akasimama.

— Mama, naomba uinuke kidogo. Mjomba Fundi, msumeno wako uko wapi?

— Ukate kitu kizuri hivi?

— Nakata katikati, vipande vitazamane. Wakili shika huku, Tetesi kule.

Wakashika, wamenyamaza kama wako msibani.

— Na safari hii, alisema, ongeeni.