Namwalika, Lakini Simo

Siku hiyo kijiweni walikuwapo Fundi wa cherehani mwenyewe, Gia Tano aliyestaafu kuendesha malori, Wakili, ambaye uwakili wake ni kule kulinda geti la mahakama mpaka uzeeni, na Dada wa Kahawa na birika lake. Benchi liko mbele ya karakana ya Fundi, na gotini pa Fundi palikuwa na karatasi. Mama mmoja wa ng'ambo alitaka kuja kumsalimia Fundi, na ubalozi ulikuwa umemwambia hapati viza bila barua ya mwenyeji: atafikia kwa nani, ataondoka lini, nani atamtunza. Ndiye aliyempangisha mwanawe Fundi chumba enzi za masomo huko kwao, na kijana alipolazwa hospitali, akawa anampelekea supu kila jioni.

Fundi alikuwa ameandika "Namwalika mama huyu," wakamshika mkono.

— Hapo umeshajifunga, mzee, alisema Wakili. Asipoondoka siku yake, wanakuja kukuchukua wewe.

Fundi akaandika kwamba mgeni akichelewa, yeye Fundi hamo. Gia Tano naye akasimulia habari za jamaa mmoja, hakumbuki wa wapi, ambaye mgeni wake aliumwa jino mpaka mwenyeji akauza lori. Jino likaandikwa. Wakili akaona kwamba mgeni akipotea sokoni, serikali ya kwao itamdai Fundi mtu mzima mzima. Soko likaandikwa. Dada wa Kahawa, akimimina, akauliza itakuwaje mgeni akipendwa huku akaolewa. Hilo hata Wakili hakuwa amelifikiria.

— Andika, alisema Gia Tano. Tena wewe mjane. Watu watasema uliagiza mke.

Fundi aliandika, masikio yanawaka moto. Alichotaka ni kumshika mama yule mkono na kumwambia asante, basi. Lakini akidaiwa, nyumba ya kuuza ni hiyo hiyo moja, na kuogopeshwa na watu watatu kwa mpigo si mchezo.

Ndipo akaja mama mmoja kijana, mgeni mtaani, mtoto mgongoni, amefuata gauni lake. Dada wa Kahawa alimsogezea nafasi, akaligeuza birika ili mvuke usimfikie mtoto. Fundi akamsomea barua, apate sikio jipya.

— "Namwalika mama huyu. Akichelewa kuondoka, akiumwa jino, akipotea sokoni au akiolewa, mimi simo."

Yule mama kijana alisikiliza mpaka mwisho. Akataka kujua mgeni mwenyewe ni nani, na Fundi akamweleza habari za hospitali na supu.

— Naye kabla ya kupeleka hiyo supu, baba, alimwandikia mwanao hivi?

Wakili alikohoa. Gia Tano alichungulia kikombe chake, akakikuta kitupu, akaendelea kuchungulia. Fundi aliikunja ile karatasi, akaingia karakanani kutafuta nyingine.

Mgeni wa ng'ambo alikuja, akakaa wiki tatu. Alilala kitandani kwa Fundi, na Fundi akalala karakanani, juu ya meza ya kukatia vitambaa.