Dada wa Boksi la Bluu

Benchi letu liko kati ya kinyozi na kibanda cha fundi saa, mkabala na uchochoro wenye nyumba tatu zilizopata watoto kabla ya wakati. Mimi ndiye muuza kahawa wa hapo, wananiita Shangazi. Asubuhi ile uchochoro ulikuwa kimya hata ukasikia maji yakichuruzika mtaroni. Vichanga vitatu mle ndani, na hakuna aliyewahi kusikia hata kimoja kikilia. Kwenye kamba ya nyumba ya tatu ilianikwa kofia ya mtoto, ndogo, ingelitosha chungwa. Benchini walikuwa watatu: Kinyozi, ambaye mkewe alikuwa na mimba ya miezi saba, Fundi Saa, na Muhuri, karani mstaafu aliyegonga mihuri mpaka jina likamganda.

FUNDI SAA: Kapita tena yule dada wa utafiti. Na boksi lake la bluu.

MUHURI: Mimi namfuatilia. Anamdunga mjamzito kidole, tone la damu kwenye kikaratasi, kikaratasi boksini. Wiki mbili baadaye anarudi: "Mama, huenda usifike mwezi wa tisa, kaa karibu na hospitali." Na kweli hafiki!

FUNDI SAA: Nyumba ya kwanza, kweli. Ya pili, kweli. Ya tatu hata jioni ya siku ileile haikufika.

MUHURI: Wahenga walishamaliza: lisemwalo lipo. Asingesema, lisingekuwepo.

FUNDI SAA: Sikiliza, mzee wangu. Ukitaka kujua kamani, ile springi ya saa, itakatika lini, lazima uifungue saa. Na ukishaifungua, umeshailegeza.

MUHURI: Na ile damu inalala kwenye barafu! Damu ya mama ikilala kwenye barafu, mtoto tumboni si atasikia baridi? Anatoka kutafuta joto.

FUNDI SAA: Ndiyo maana hawalii. Sauti zimebaki boksini.

Kicheko kilitaka kutoka, kikarudi. Wote waligeuka kuutazama uchochoro.

Mimi nilijua kwa nini hawalii. Miaka mingi nyuma mtoto wangu alikuja kwa miezi saba. Hakulia, alitoa mlio mwembamba kama bawaba ya mlango, siku mbili, kisha hata huo ukaisha. Ningeweza kusema. Nikamimina kahawa.

KINYOZI: Mke wangu naye alidungwa.

MUHURI: Lini?

KINYOZI: Wiki mbili leo.

FUNDI SAA: Yaa! Basi leo anakuja kutamka!

KINYOZI: Hamkuti. Jana nimempeleka kwa mama mkwe, ng'ambo ya mto. Nimemwambia azime simu. Asipotamkiwa, halitampata.

MUHURI: Umecheza kama wewe! Kinga ni bora kuliko tiba.

Ndipo tukamwona yule dada anakuja, anatembea haraka, mikono mitupu. Bila boksi alionekana kama mtu mwingine. Hakuwahi kusimama benchini kwetu.

DADA: Shikamooni. Kaka, wewe ndiye Kinyozi? Nimegonga kwako, hakuna mtu.

MUHURI: Marahaba. Kwanza tuambie, watoto wa humu umewafanya nini hawalii?

DADA: Wanalia, mzee. Mapafu bado madogo. Mama zao wanawalaza kifuani, ngozi kwa ngozi, ndani ya nguo. Mpaka uwe karibu ndiyo usikie.

FUNDI SAA: Na siku zao ulizijuaje?

DADA: Sizijui. Damu inatupa dalili tu, na mara nyingine tunakosea. Kinachowatoa mapema bado tunakitafuta. Ningekijua ningelala usingizi.

Akamgeukia Kinyozi.

DADA: Majibu ya mkeo yametoka. Yuko wapi?

Kinyozi akamweleza kwa sauti ya chini. Dada hakugomba. Aliuliza tu:

DADA: Huko ng'ambo, mtoto akija leo, nani atampokea?

Kinyozi alipiga simu, haipatikani. Akapiga tena.

– Mwanangu, nikasema, na sauti yangu ikanishangaza mwenyewe. Mtoto wangu alikuja kwa miezi saba, hakukuwa na wa kumpokea. Nenda.

Kinyozi hata kikombe hakukiweka chini, aliondoka nacho. Dada alisimamisha pikipiki mbili.

Mengine alinisimulia Kinyozi mwenyewe. Walimkuta mkewe amepiga magoti sakafuni, ameshikilia mguu wa kitanda, na mama mkwe amechemsha sufuria ya maji asijue ya nini. Walipata gari la mboga. Kivukoni walisubiri, na Dada muda wote alikuwa akimwambia mgonjwa, "Bado, mama, bado kidogo," kana kwamba anamsihi mtu mwingine asiyeonekana. Mtoto wa kike alizaliwa hatua chache baada ya lango la hospitali. Kilo moja na robo.

Siku ya tisa niliruhusiwa kuingia. Wodi ilikuwa na akina mama saba, kila mmoja ameinamisha kidevu kifuani, na kimya cha watu wanaosikiliza kitu. Mke wa Kinyozi akafunua kanga kidogo.

– Msogelee, shangazi.

Nikainama mpaka sikio langu likagusa joto lake. Nilisubiri sana. Kisha mlio ukaja, mwembamba, uleule niliousikia siku mbili tu maishani mwangu. Nikashika ukingo wa kitanda.

– Analia hivyo tangu asubuhi, mama yake akasema, akicheka. Anataka kunyonya.