Chekeche Lililoshika Kutu

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Vumbi, alizaliwa tarehe 9 Juni 1957, kifungua mimba wa seremala na mkunga. Jina hilo alilipata darasa la tatu, alipokung'uta kifutio katikati ya somo ili atazame chaki ikielea kwenye mwanga wa jua. Alichapwa, na kesho yake akakung'uta tena.

Alihitimu fizikia mwaka 1981, akaingia maabara moja na hakuhama. Ndani ya pipa la chuma aliweka barafu, akaichekechea vumbi laini, akanyonya hewa yote, kisha akaipasha barafu joto taratibu. Pasipo hewa barafu haiwi maji; hugeuka mvuke moja kwa moja, kama kwenye nyota zenye mkia. Alitaka kujua kama mvuke huo huzirusha chembe za vumbi au huziacha. Zake zilishikana zikawa ganda, na barafu chini yake ikadumu. Ganda hilo ndilo lililompa heshima.

Tarehe 14 Agosti 1986 alimwoa fundi cherehani, aliyezoea kumtania, "Mimi nafagia vumbi, mwenzangu unalilea!" Walijaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2016 wenzake wa mbali walirudia jaribio, na vumbi lao likaruka lote. Ikanong'onwa kwamba amepika matokeo. Alirudia mara kumi na tisa, ganda likatokea kila mara, naye akazidi kukonda. Figo zilipomlaza, alimuuliza mdogo wake wa kike, mfagizi wa maabara ile ile, "Mdogo wangu, niambie kweli. Chekeche langu uliwahi kuligusa?"

"Hata siku moja, kaka."

Alifariki tarehe 2 Oktoba 2019, saa nne asubuhi.

Mdogo mtu ndiye anayewasomea karatasi hii. Chekeche lilikuwa linashika kutu, akalionea huruma, akawa analipangusa kila Ijumaa kwa kitambaa chenye mafuta ya kupikia, kama kikaango chake. Vumbi lililogusa mafuta hushikana. Kwanza aliogopa kufukuzwa kazi, baadaye akaogopa macho ya kaka yake. Mficha maradhi kifo humuumbua. Safari hii kimemuumbua aliyebaki. Mjane alishauri maneno haya yafutwe. Wenzake wa maabara, chekeche liko kwenye mkoba huu, lichukueni mkalipime.

Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watatu na mdogo mmoja. Apumzike kwa amani, maana si yeye aliyedanganya.