Fundi Kimya na Skrubu Ambayo Hakuirudisha

Mzee wetu, ambaye wengi mlimwita Fundi Kimya, alizaliwa tarehe 9 Februari 1955 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, wa kwanza kati ya watoto wawili. Mdogo wake alizaliwa miaka mitatu baadaye. Wakawa chanda na pete.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1962 hadi 1968, kisha shule ya ufundi. Mwalimu wa hesabu alimtoa nje mara nyingi kwa kuifungua saa ya ukutani, ingawa haikurudi ukutani ikiwa mbovu hata siku moja.

Alianza kazi karakana ya reli mwaka 1972, na mwaka 1979 akafungua gereji yake nyuma ya kituo cha mafuta. Jina alilipata hapo. Kabla ya kugusa gari aliinua mkono na kusema, "Kimya!" na hata mwenye gari alinyamaza. Mteja mmoja aliapa gari lake lina shetani, maana lilinguruma bila kukanyagwa mafuta. Mzee alitoa mpira wa hewa uliopasuka, akaweka mpya, akamkabidhi ule wa zamani: "Shetani wako huyu hapa. Nenda naye nyumbani."

Mama alimjia na pikapu ya baba yake. "Fundi, gari hili lina haraka kuliko mimi." Akamjibu, "Basi liache, wewe uje kesho polepole." Alikuja kesho, na keshokutwa, gari likiwa limeshapona. Walifunga ndoa tarehe 12 Septemba 1981 na kujaliwa watoto watatu. Mimi ninayesoma ni kitindamimba.

Linalofuata Mama ametaka lisomwe.

Jumamosi tarehe 14 Oktoba 2006, Baba Mdogo, aliyekuwa dereva wa teksi, alileta gari lake. Mara linazimika, mara linapanda lenyewe, yaani injini inanguruma kwa kasi bila kukanyagwa mafuta. Gereji ilikuwa imejaa. Mzee akafanya jambo alilowakataza wengine: aliikaza skrubu ya mlango wa hewa, ile inayoongeza kasi ya injini, ili lisizimike, bila kutafuta ugonjwa. "Endelea nalo," alimwambia. "Jumatatu tutalifungua." Jumapili, kwenye mteremko wa darajani, injini ilinguruma na gari likagonga ukingo. Abiria aliyepona alisema mguu wa dereva ulikuwa kwenye breki. Baba Mdogo alifariki palepale.

Mzee alilivuta gari hadi uani kwetu, akalinyoosha, na kila Jumapili akaliwasha. Alibadilisha pampu ya mafuta, chujio na mipira yote, akasafisha nozeli za kunyunyizia mafuta. Lilitulia, kisha likapanda, hakuna mtu ndani. Siku moja Mama, akiwa mezani, aliweka kijiko chini na kusema, "Shemeji anaita." Hakuwa akitania. Niliogopa kupita uani, na bado naogopa.

Mafundi wenzake walimwambia, "Mzee, si uanze na ile skrubu?" Akawajibu, "Hiyo iacheni." Kila fundi aliyepo hapa anajua ingekuwa ya kwanza kurudishwa. Mzee aliogopa. Ikirudi na gari likatulia, basi ni mkono wake uliomuua mdogo wake.

Moyo ulianza kumsumbua Januari 2025, akalazwa tarehe 20 Mei. Asubuhi ya tarehe 5 Juni aliniambia, "Mwanangu, nenda karudishe skrubu. Halafu uje uniambie kweli, usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa."

Niliirudisha, Mama akiwa amesimama mlangoni. Gari liliwaka, likatulia. Tulitazamana na Mama. Kisha likapanda, vilevile kama Jumapili zote. Tulipofika wodini, kitanda kilikuwa kimeshatandikwa upya.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, na shemeji yake, mjane wa Baba Mdogo, ambaye amekaa nasi hapa mbele na hajawahi kumlaumu.

Mama amesema sehemu hii niisome nikilitazama jeneza.

Baba, skrubu imerudi ilipokuwa. Gari bado linapanda. Haukuwa mkono wako.

Sasa pumzika kwa amani.