Nyota Mbili za Kawira

Benchi letu liko Kinoru, nje ya kibanda cha Mutuma cha kushona viatu, pale ukuta wa uwanja wa mpira unapokinga upepo wa mlimani. Karwirwa huleta birika la kahawa saa nne, na kufikia saa tano tumeshaendesha serikali, kanisa na ligi. Wiki hiyo tulikuwa na kesi moja tu: ile sinema iliyotokana na kitabu cha mhubiri ambaye vitabu vyake viko karibu kila nyumba huku kwetu. Kanisa lilikodi ukumbi, tukaingia watu mia mbili, tukatoka na leso zimelowa. Jumapili gazeti likaipa nyota mbili kwa tano. Aliyeandika ni Kawira, binti ya Mwalimu Kailemia, na Mwalimu alikuwa ameketi nasi hapo hapo.

Kwa sababu yake tulianza polepole. Muthamia, tunayemwita Askofu kwa kuwa hupanga viti kanisani, alisema huenda mtambo wa gazeti ulimeza nyota tatu. Njuki wa bodaboda, anayeitwa Satelaiti, akakataa. Kulingana na yeye, waandishi wa Nairobi hutazama sinema kwenye vyumba vya baridi, na kwenye baridi machozi hayatoki. Kikombe cha pili kilipoisha, akaongeza kwamba kuna wakubwa wa sinema za vita waliowakataza kulia.

Mwalimu hakucheka. Kawira alikuwa amempigia simu mara nne, naye hakushika. Kitabu hicho ndicho alichomsomea mkewe, Veronicah, wodini kila jioni, mpaka mama wa watu akafariki mwaka juzi. Kwake, zile nyota mbili zilikuwa kama mtu amekanyaga kaburi.

— Lakini wazee, Satelaiti akasema, si asiyefunzwa na mamaye...

Akakumbuka, akainamia kikombe chake. Karwirwa akajifanya anasuuza vikombe.

Jumamosi Kawira akaja mwenyewe, mkoba begani, viatu vimejaa vumbi. Alitusalimia kwa mkono, mmoja baada ya mwingine, babake akawa wa mwisho. Askofu akasema mgeni njoo mwenyeji apone, ingawa msichana amezaliwa nyumba ya tatu kutoka hapo. Kisha, kwa vile hajui kukaa na neno, akamwambia watu wa Mungu wameumia, na akataka kujua sinema ile ilimkosea nini.

Kawira hakukasirika. Alisema picha ni nzuri, waigizaji wamejitahidi, na nyimbo zake bado anaziimba akipika. Halafu akauliza kwa sauti ya chini:

— Kwenye kitabu, yule mama mgonjwa anakufa. Mbona kwenye sinema amepona?

Askofu alianza kueleza habari ya imani, akaishia katikati. Satelaiti akatazama pikipiki yake. Sisi sote tulikuwa tumelia mama yule alipoinuka kitandani, na wengi wetu tulikisoma kitabu, lakini hakuna aliyekuwa ameuliza.

— Baba, Kawira akasema, mama aliniambia kwa simu kwamba anakipenda kile kitabu kwa sababu hakimdanganyi.

Mwalimu alivua miwani, akaishika mkononi muda mrefu.

— Alipoinuka kitandani mimi nilipiga makofi, akasema. Nilifurahi, kweli. Kisha nikarudi nyumbani, nikafungua mlango.

Mutuma aliacha kugonga misumari. Mwalimu akavaa miwani, akamtazama bintiye vizuri kwa mara ya kwanza tangu afike.

— Umekula?

— Bado.

Akainuka, akauchukua ule mkoba kutoka begani mwa bintiye, wakaondoka pamoja kuelekea nyumbani.