Mageni Bujiku, Golikipa wa Kostarika ya Nyambeshi

Sogeeni, ndugu zangu, mlio kule kwenye kivuli cha nyumba njooni huku chini ya turubai, akina mama wa jikoni acheni sufuria kidogo, ugali hautakimbia, na mwenye redio aizime, maana sauti yangu ni ya mtu mzima na haya nitakayoyasema sitayarudia. Shikamooni wazee wenzangu, na ninyi wadogo marahaba, hata kama hamjaniamkia. Mimi ni Paskalina, mama mzazi wa Masele, mama mkwe wa marehemu, na familia imenipa mimi kazi hii ingawa darasani sikuingia, tarehe nimezishika kichwani kama alivyonisomea mjukuu wangu Luka, naomba kimya.

Marehemu Mageni Bujiku alizaliwa tarehe 12 Mei 1964 huko Ushetu, Kahama, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Bujiku, mkulima wa tumbaku, ambaye naye ametangulia. Aliingia darasa la kwanza mwaka 1973 na kumaliza la saba mwaka 1979, lakini shule yake kubwa ilikuwa bani la baba yake la kukaushia tumbaku, ambamo yeye alipanda juu kwenye vichanja, na kaka zake wakawa wanamrushia kutoka chini fito zilizofungwa majani mabichi, akizidaka moja baada ya nyingine katika moshi na giza bila kuangusha, na mzee Bujiku akipenda kuwaambia wageni, "Huyu binti nikimrushia yai, atanirudishia yai."

Tarehe 6 Oktoba 1984 alifunga ndoa takatifu na mwanangu Masele hapa hapa Mwakitolyo, baada ya ng'ombe kutoka katika zizi la marehemu mume wangu kwenda Ushetu, na siku ile ile aliyofika aliniita Mayu, yaani mama, nami tangu hapo sikuwahi kumwita mkwe. Mungu aliwajalia watoto wawili, Luka aliyezaliwa tarehe 2 Novemba 1985, na Nelly aliyezaliwa tarehe 19 Juni 1989, mnawaona hapa mbele.

Kuhusu kazi, mwaka 1991 mvua zilipotukatalia walihamia machimbo ya Nyambeshi, upande wa Geita, nami nikawafuata kuwalelea watoto. Masele aliingia kwenye duara la bwana Jilala, na duara, kwa msiolijua, ni shimo la dhahabu, linashuka kama kisima halafu linageuka kuufuata mwamba, na marehemu alikuwa juu pamoja na wanawake wenzake wakiponda mawe kwa nyundo, vumbi likiwajaa hadi kwenye kope. Mwanangu alikuwa na kikohozi chake tangu utotoni, kikavu, viwili vya haraka, kimya, kisha cha tatu, nikikisikia njiani nilikuwa naepua chungu kabla hajapiga hodi.

Tarehe 9 Machi 1993, asubuhi, magogo yaliyoshikilia kuta za duara yalikatika, na wanaume saba wa zamu ile, Masele akiwemo, walibaki chini. Bwana Jilala alituma pikipiki Geita, kwenye duka la mzee Pranlal, zikaletwa sanda saba za bafta zilizokatwa kila moja kwa urefu wa mtu wake, huku watu wanachimba, lakini maji yakapanda, kuta zikazidi kuanguka, na mwishowe Jilala akasema inatosha, pakafukiwa, pakasawazishwa. Basi sanda zilikuwa zimefika na maiti hata mmoja hakutoka. Wajane walizirudisha dukani, na mzee Pranlal alizigusa kwa ncha za vidole akasema, "Akina mama, kitambaa kingine chochote napokea, bafta iliyokatwa kwa jina la mtu hairudi rafuni kwangu," kwa hiyo kila mjane akaondoka na ya kwake.

Sasa hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu wapo wanaosema tuliota. Kila sanda ilifungiwa sandukuni ikiwa kavu, na kila asubuhi ilikutwa imelowa maji mekundu ya udongo wa chini, yale yenye harufu ya chuma, na kiangazi kilikuwa kimeshaingia, hakuna paa lililovuja. Tulizianika, zikakauka, kesho yake zimelowa. Mama Philomena, ambaye yupo hapa, na ambaye marehemu mume wake alikuwa zamu moja na mwanangu, aliipeleka ya kwake kwa dada yake Maganzo, na dada mtu akairudisha kwa basi la kwanza, akaishusha mlangoni na kusema, "Dada, mchukue mume wako, kwangu amekaa kitandani mwa watoto." Wengine walitaka zichomwe, wengine zizikwe tupu, ndipo marehemu akasema, "Nguo hizi zimekatwa ziwe na mtu ndani, hazitatulia zikiwa tupu, tuzivae sisi mpaka wenyewe watoke."

Siku hizo hizo palikuwa panaandaliwa mechi ya akina mama kwa sikukuu ya Saba Saba, wachezaji saba kwa saba kwa kuwa uwanja ulikuwa mdogo, na uwanja wenyewe ulikuwa ule udongo uliosawazishwa juu ya duara, nasi tuliona heri tuukanyage sisi kuliko wageni. Mama Anar, mke wa mzee Pranlal, ndiye aliyezishona sanda zile ziwe fulana kwa cherehani yake huku anafuta machozi, namba wakachora kwa bluu ya kufulia, na kijana wao Rushabh, mtu wa mpira na redio, akawapa jina, akasema iko nchi ndogo mbali sana inaitwa Kostarika, mwaka 1990 wanaume wake walikwenda Kombe la Dunia hakuna anayewajua, wakawafunga wakubwa. Marehemu akamuuliza, "Na wanawake wa huko?" Rushabh akasema nao wana timu ya taifa, lakini hawatangazwi. Basi kila marehemu alipokwenda Geita kununua chumvi alikuwa anapita kuuliza wenzake wa Kostarika wamefikia wapi, Rushabh anatafuta kwenye magazeti hakuna, anamwambia, "Mama Luka, pengine wamefungwa," naye anajibu, "Hata kama, wapo," na kwenye rozari alikuwa anawatia, anasema hao ni watu wasioonekana kama wa kwetu.

Kostarika ya Nyambeshi ilianza tarehe 7 Julai 1993, marehemu akiwa golikipa, na kuanzia siku ile masanduku yalikauka. Walicheza pale nyumbani, walicheza Kahama, walicheza Maganzo, na sikumbuki lini walifungwa, ingawa mazoezi yao yalikuwa nyundo na mawe. Wapinzani wakitoka uwanjani walikuwa wanauliza, "Ninyi mko wangapi?" na beki mmoja wa Maganzo, mama mwenye mwili wake, alikataa kurudi kipindi cha pili, akamwambia refa, "Mimi nimekuja kucheza na wanawake, yule anayenikaba ana tope mpaka kwenye nyusi," refa akahesabu akakuta saba, akahesabu tena akakuta saba, akamwambia acha visingizio mama, rudi ukacheze. Mama Philomena alikuwa akiomba pasi kwa sauti nene ambayo si yake, akitoka hakumbuki. Na mimi niliyekuwa nakaa kwenye kigoda nyuma ya goli la marehemu, nilisikia kutoka chini ya miguu yake vikohozi viwili vya haraka, kimya, kisha cha tatu. Nilimwambia, "Mageni, unasikia?" naye bila kugeuka akasema, "Nasikia kila siku, Mayu, ndiyo maana sitoki golini."

Alichokitaka marehemu kilikuwa kimoja tu, duara lifunguliwe, mume wake atoke, azikwe kama watu. Alimwendea bwana Jilala mwaka 1994, akamwendea 1995, akamwendea 1996, akajibiwa kwamba wafu hawana haraka. Mwaka 1997 Jilala akawa na timu yake ya akina mama, kaikusanya mijini, viatu vya njumu, soksi mpaka magotini, na mbele ya watu wote akasema kwa kucheka, "Wajane, mkiifunga hii nafungua shimo kwa mikono yangu, mkifungwa, hizo fulana mnazileta nizichome na maneno yaishe." Marehemu akasema tumekubali.

Mechi ilichezwa Jumapili tarehe 17 Agosti 1997, baada ya misa, watu wamejaa mpaka juu ya mafungu ya mawe. Walimaliza bila bao, zikaja penati, na wale wa Jilala walikuwa wamebakiza ya mwisho, wakikosa wamefungwa. Aliyepewa ni Mwanaima, binti wa Shinyanga mjini, mguu wake ulikuwa unasifiwa kote. Akaweka mpira, akarudi nyuma, akainua uso kulitazama goli, na marehemu alikuwa amesimama peke yake kati ya miti miwili, mikono wazi. Yule binti akasimama hivyo hivyo. Watu wakapiga kelele, "Piga, dada, jua linatuua," Jilala naye akaita jina lake kwa ukali, ndipo akaokota mpira, akaupeleka kwa refa kwa adabu kabisa, akamwambia, "Sina pa kupiga, baba, wamesimama wamejaza goli lote, na yule wa katikati ananiomba nisimpige kifuani." Akavua viatu akaondoka, na sikusikia kwamba amecheza tena. Refa akapuliza, Kostarika wameshinda.

Jilala alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini neno lile alilitimiza, alifungua kesho yake, na kabla Agosti haijaisha walifika chini. Udongo ule ulikuwa umewatunza, walitoka wanatambulika, mmoja baada ya mwingine, na kila aliyetoka mke wake alivua fulana pale pale, tukamfunika mwenzetu kwa kanga, na mtu akavishwa sanda yake ikiwa na jasho la mkewe na namba mgongoni. Walitoka sita. Masele hakutoka. Walifuata mwamba mpaka ulipoishia, wakakuta ukuta mzima usio na ufa, na nyuma ya ukuta, wachimbaji wenyewe walikiri, kuna mtu anakohoa. Wakagonga siku kadhaa, nyundo zikakatika mipini, wakapanda juu, na hakuna aliyekubali kushuka tena. Kostarika ikafa siku hiyo, kwa kuwa timu haiwezi kuwa na fulana moja.

Marehemu hakuvua. Alirudi hapa Mwakitolyo na wanawe, akalima, na fulana ilikuwa mwilini mwake, ikifuliwa asubuhi na kurudi mwilini mchana. Mwaka 1998 mwishoni alianza kukohoa, alitibiwa Kahama, kisha Mwanza, madaktari wakasema ni vumbi la mawe lililokaa kifuani, nami siwabishii, wamesoma, lakini kilikuwa viwili vya haraka, kimya, kisha cha tatu, na watoto walikuwa wanatoka nje mbio wakidhani baba yao amekuja. Siku ya mwisho alivua fulana mwenyewe, akaikunja, akaniwekea magotini, akasema, "Mayu, msinizike nayo. Si yangu. Masele akitoka atavaa nini?" Alifariki Jumanne tarehe 14 Septemba 1999, alasiri, akiwa na umri wa miaka thelathini na mitano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompokea, majirani mliotuletea kuni, maji na unga bila kuitwa, wachezaji wenzake wa Kostarika mliokuja wote sita, mama Philomena akiwa mbele, na mama Anar na kijana wake Rushabh, waliokuja na bafta mpya, nzima, aliyolazwa nayo mwenzetu leo. Wabeja sana, Mungu awalipe. Nawe Mageni, mwanangu, umesimama golini muda mrefu, sasa lala, upumzike kwa amani.

Na wazee wamegawa hivi. Luka amepata shamba la mtoni na ng'ombe wawili. Nelly amepata nyumba, vyombo vyote vya mama yake, na mbuzi. Nyundo ya kupondea mawe imezikwa, tumekataa mtoto yeyote aishike. Fulana ya Masele wazee walitaka kumpa Luka, nikasema hapana, mimi ndiye niliyemzaa mwenye nguo, kwa hiyo nimeivaa mimi, iko hapa chini ya kitenge hiki, na kesho kutwa, tukimaliza matanga, narudi Nyambeshi na kigoda changu.