Bibi Erlini na Wageni Wake

Ukishuka treni Walthamstow, mwisho wa laini, ufuate soko hadi kwenye dobi la mashine za kufulia, nje pana benchi. Usilikalie Jumatano asubuhi, utakatwa jicho. Hapo ndipo kwao wazee watatu: Jaffar wa Mkoani, aitwaye Waziri kwa vile hakosi tamko, Collins wa Kisumu, aitwaye Breki, maana hana, na Sufian wa Wete, aitwaye Kimya, ambaye tangu mkewe afariki na bintiye ahamie Leeds, hufika kabla hata ya themosi ya Waziri. Kwa nini Jumatano? Kwa sababu Jumanne usiku televisheni humwonyesha Bibi Erlini na ukoo wake, watu wa shamba huko kusini mwa Marekani, wanaovua kambare kwa mikono na kwenda pekupeku.

—Jana mmemwona yule mjomba? Jaffar alisema akimimina kahawa. Kaoga mtoni na mbwa! Wallahi watu wa shamba wa kule hawana akili.

—Ai, wewe! Collins akadakia. Hao wanalipwa bana. Viatu wanavuliwa na dairekta pale mlangoni.

—Na yale meno mabovu?

—Ya kubandika! Jioni wanayarudisha kwa sanduku.

—Basi hata mto si mto. Lile bwawa la hapa Hackney, wametia kambare wa dukani.

—Na kambare mwenyewe ni muigizaji!

Walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Sufian hakucheka. Roho ilimuuma hasa.

—Mwacheni bibi wa watu.

—He! Kimya kasema!

—Nilipokuja nchi hii, jirani aliniuliza kama kwetu twalala juu ya miti. Kaona kwenye TV. Nani alimwonyesha mamangu na kanga zake za kutokea? Hapana mtu. Leo na sie twacheka vilevile.

—Lakini si wewe pia huangalia kila wiki?

—Naangalia kwa sababu wanakula pamoja. Bibi akipiga kengele, wote mbio mezani. Na mie napakua wali wangu saa ileile. Kabla sijatia tonge mdomoni, nawaambia karibuni.

—Unamwambia nani?

—Hao. Wa kwenye TV.

Jaffar akatua kikombe. Sufian alijuta, akajua kashakuwa kichekesho cha mwezi mzima.

—Sasa utakulaje watu wakikutazama, usiwakaribishe? Jaffar alisema polepole. Hata mie hukaribisha.

Collins alikuna kidevu.

—Mimi huombea chakula kwa sauti. Ndio wasikie.

Mlangoni mwa dobi alisimama Mwanamwema, msichana wa Chake aliyekuja juzijuzi kufanya kazi ya kuhudumia wazee. Alikuwa akingoja nguo zake zikauke.

—Shikamooni, wajomba. Samahani, kwani nyie kwa nyie hamkaribishani?

Jaffar aliinamisha themosi, zikatoka sira za kahawa tu. Collins akakumbuka basi lake. Sufian alitaka kuwaambia waje kwake Jumanne. Akakumbuka kwake kiti ni kimoja, kingine alikichukua bintiye alipohama. Akaona haya.

—Haya, Jumatano, alisema Jaffar.

—Inshallah.

Jumanne Bibi Erlini alipiga kengele, ukoo ukakimbilia mezani. Sufian alikwisha pakua. Alishika tonge, akawatazama wale watu mmoja mmoja. Akala bila kumkaribisha mtu.